KUMTAZAMA PAPA ANGALI HAI: KIVUTIO CHAKE, FAIDA YAKE NA ADABU ZAKE

Papa ni samaki ambaye jina lake hujulikana hata mahali ambapo mawimbi hayasikiki. Mkaazi wa Nkowe, katika Wilaya ya Ruangwa ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Nachingwea, anaishi mbali na bahari, lakini papa si mgeni kwake. Humjua sokoni, akiwa mkavu, amekwisha kupasuliwa na kutiwa chumvi, na harufu yake haifichiki. Mvuvi wa Kilwa au wa Mafia humjua kwa namna nyengine: humjua kwa jarife lililochanika, kwa mshipi uliokatika, na kwa sifa, yaani yale mafuta ya ini lake ambayo wazee walikuwa wakipaka mbao za vyombo ili maji yasipenye. Mmoja humjua papa aliyekufa, na mwengine humjua papa wa kupigana naye.

Kwa muda wa miaka sitini hivi imezuka njia ya tatu ya kumjua samaki huyu. Watu husafiri masafa marefu, hutoa fedha nyingi, wakaingia majini ili wamtazame papa angali hai, kisha wakarejea makwao mikono mitupu. Kwa mtu aliyezoea kwamba aendaye baharini hurudi na kitoweo, jambo hili ni la ajabu. Makala haya yanaeleza asili ya utalii huo, sababu za watu kuupenda, namna unavyofanyika katika bahari yetu, na mambo ambayo wananchi wa pwani na visiwa hawana budi kuyazingatia ili manufaa yake yasigeuke kuwa hasara.

ASILI YA KIZIMBA

Utalii wa kumtazama papa ndani ya maji ulianza kwa kizimba cha chuma. Mwaka 1963 mzamiaji mmoja wa Australia, Rodney Fox, alishambuliwa na papa mweupe alipokuwa katika mashindano ya kuvua kwa mkuki, akajeruhiwa vibaya sana kifuani na mkononi. Alipopona hakuikimbia bahari. Alitengeneza kizimba ambacho mtu angeweza kuingia na kushushwa majini, ili amwangalie papa yule yule aliyemjeruhi bila ya kudhurika. Wapiga picha za sinema walikitumia kizimba hicho, na baadaye watalii wakafuata.

Kizimba chenyewe hakina mambo mengi. Ni fremu ya mabomba na vyuma vilivyopakwa madini ya zinki visishike kutu, chenye maboya ya kukielekeza juu ya maji na kilichofungwa kwa kamba ubavuni mwa chombo. Watu watano hadi wanane huingia kwa pamoja, wamevaa nguo nene za mpira kwa sababu papa mweupe hupenda maji ya baridi. Wengi wao hawahitaji kujua kuzamia kwa mitungi ya hewa. Huvaa miwani ya kuzamia, hushika chuma kilichoko ndani, na nahodha anapotoa ishara huzuia pumzi na kuzamisha kichwa. Mabaharia humwaga majini mchanganyiko wa damu na mafuta ya samaki ili harufu ichukuliwe na mkondo, kisha hutupa kichwa cha jodari kilichofungwa kamba. Papa huifuata harufu hadi penye chombo.

Mahali palipojulikana zaidi kwa kazi hii barani Afrika ni Gansbaai, katika Jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Karibu na hapo kuna visiwa vidogo vyenye maelfu ya sili, ambao ni chakula cha papa mweupe. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kumlinda papa huyo kwa sheria, mwaka 1991, na baada ya hapo mji huo mdogo wa wavuvi ukawa na nyumba za wageni, mikahawa na vyombo vya kupeleka watalii baharini kila siku hali ya hewa inaporuhusu.

KIVUTIO CHAKE NI NINI?

Ni haki kwa mwananchi kuuliza ni kitu gani kinachomfanya mtu mwenye akili timamu kuingia majini penye papa kwa hiari yake. Sababu zake ni zaidi ya moja.

Ya kwanza ni hofu yenyewe. Binadamu ameumbwa na tabia ya kutaka kukikaribia kile anachokiogopa, ilimradi awe na hakika ya kusalimika. Mtu aliyeko ndani ya kizimba husikia moyo wake ukienda mbio, lakini anajua kwamba baina yake na meno yale kuna chuma. Akitoka majini huona kwamba ameishinda nafsi yake.

Ya pili ni kutaka kuujua ukweli. Riwaya ya Peter Benchley iliyotoka mwaka 1974, na sinema ya Steven Spielberg iliyoifuata mwaka 1975, ziliieneza duniani picha ya papa kama adui mwenye kisasi. Anayemwona kwa macho yake hukuta kiumbe mwengine kabisa: samaki mtulivu, mwenye hadhari, anayezunguka mara tatu nne kabla ya kusogea, na ambaye mara nyingi hugeuka akaenda zake. Hesabu nazo zinalithibitisha hilo. Kwa wastani, watu wanaouawa na papa duniani kote kwa mwaka hawafiki kumi. Ilhali makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kuwa papa wapatao milioni 100 huuawa na binadamu kila mwaka. Benchley mwenyewe alitumia miaka ya mwisho ya uhai wake akitetea hifadhi ya papa.

Ya tatu, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote, ni kukutana na mnyama asiye na mwenyewe. Samaki aliyefungiwa katika tangi la kioo yuko pale kwa sababu hana njia ya kutoka. Papa wa baharini huja akipenda na huondoka akipenda. Papa mweupe jike mmoja aliyewekewa chombo cha kupeleka habari kwa setilaiti huko Afrika Kusini mwaka 2003 alivuka Bahari ya Hindi hadi Australia na kurejea, masafa ya zaidi ya kilomita 20,000, kwa muda wa miezi tisa hivi. Mtu anapotazamana na kiumbe wa namna hiyo kwa dakika moja, huhisi kwamba amepewa heshima, na hilo ndilo analolilipia.

KASORO ZA KIZIMBA

Hata hivyo, njia hiyo ina walakini wake. Penye chambo, mnyama haji kwa hiari kamili. Ameitwa kwa ahadi ya chakula. Papa anayekirukia kichwa cha jodari huweza kuingia kwa kasi baina ya vyuma na kujiumiza. Matukio ya aina hiyo yalipotokea katika Kisiwa cha Guadalupe huko Meksiko, ambako maji ni maangavu na vizimba vilikuwa vingi, serikali ya nchi hiyo iliupiga marufuku utalii huo kisiwani hapo mwaka 2023.

Gansbaai nayo ilipata funzo la namna nyengine. Kuanzia mwaka 2017 nyangumi wauaji walianza kuwashambulia papa weupe mahali hapo na kula maini yao. Papa waliosalia wakahama, na ikapita miezi mingi bila ya kuonekana hata mmoja. Wenye vyombo wakalazimika kuwaonesha wageni papa wa aina nyengine. Biashara iliyojengwa juu ya mnyama mmoja ilitikisika bila ya mtu yeyote kuwa na uwezo wa kuzuia. Aliye na kizimba hana papa, na mgeni wa bahari haamrishwi kubakia.

PAPA POTWE WA KILINDONI

Papa mweupe si mgeni kabisa katika maji yetu. Mwaka 2000 wataalamu walichapisha kumbukumbu za kuonekana kwake Zanzibar, Kenya, Madagaska na Mauritius. Lakini ni nadra mno, na katika pwani yetu utalii wa kumtazama papa haukujengwa juu yake. Umejengwa juu ya jamaa yake aliye mkubwa zaidi na mpole zaidi, naye ni papa potwe, ambaye Kenya na sehemu nyengine za pwani huitwa papa shilingi kwa ajili ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwake mfano wa sarafu.

Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Aliyekomaa huweza kufikia mita 12, na wamewahi kupimwa wakubwa zaidi ya hapo. Kinywa chake kina upana wa zaidi ya mita moja, na meno yake ni maelfu, lakini ni madogo kama chembe za mchele na hayatumiki kutafuna. Chakula chake ni uduvi, mayai ya samaki na viumbe wengine wadogo waeleao majini. Huogelea akiwa amefunua kinywa, maji yakapita katika mashavu yake, na chakula kikabakia ndani kama chai inavyochujwa kwa chujio. Hana haja na mtu, na haijajulikana kuwa amewahi kumla yeyote. Ndiyo maana watazamaji wake hawahitaji kizimba.

Kisiwa cha Mafia ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo potwe huonekana kwa uhakika. Baina ya Oktoba na Machi hukusanyika katika ghuba ya Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa unaoelekea mdomo wa Mto Rufiji, ambako uduvi hujaa karibu na uso wa maji. Wengi wao ni madume wachanga ambao hawajakomaa. Hapo zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha samaki hao husafiri mbali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa kuwawekea potwe 30 vyombo vya kutoa sauti na kutega vipokezi chini ya maji, ulionesha kwamba wengi wao hubakia jirani ya Mafia mwaka mzima. Huhamia tu maji yenye kina zaidi ambako macho ya watu hayawafikii. Kwa maneno mengine, potwe wa Mafia si wageni wa msimu. Ni wenyeji.

Kila potwe ana mpangilio wake wa madoa usiofanana na wa mwenziwe, kama alama za vidole vya binadamu. Wataalamu hupiga picha ya ubavu wake, nyuma ya mashavu, na kompyuta huilinganisha na picha za zamani kwa kutumia hesabu zilizobuniwa kwanza kwa ajili ya kutambua nyota za mbinguni. Kwa njia hiyo samaki mmoja hutambulika mwaka hadi mwaka. Hata picha iliyopigwa na mtalii huweza kusaidia elimu hiyo.

Mwendo wa safari ni mwepesi. Wageni huondoka Kilindoni asubuhi kwa chombo cha wenyeji, na baharia mwenye macho makali hukaa juu akitafuta kivuli cheusi majini au pezi linalochomoza. Akionekana potwe, nahodha hukizungusha chombo mbele kwa mbali, huzima injini, na wageni huteremka taratibu wakiwa na miwani na mrija wa kupumulia. Kisha huja kile kiwiliwili kikubwa chenye madoa, polepole, kikapita ubavuni mwao. Hakuna chambo kinachomwagwa wala mnyama anayeitwa.

HATARI ZINAZOMKABILI

Upole wa potwe ndio udhaifu wake. Huogelea karibu na uso wa maji, hakimbii chombo, na mara nyingi hubeba makovu ya rafadha za mashua. Wavuvi wa dagaa nao hutupa nyavu zao za kuzungusha katika maji yale yale yenye uduvi, na hutokea potwe akajikuta ndani ya wavu. Hapo hasara ni ya pande mbili: wavu huchanika, na samaki huumia. Mvuvi mwenye subira humfungulia njia akatoka.

Tena, ghuba ya Kilindoni haimo ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kwa hiyo usalama wa potwe mahali hapo hutegemea zaidi mwenendo wa watu kuliko mpaka uliochorwa katika ramani.

Idadi yake nayo haiongezeki kwa haraka. Jike huzaa watoto wengi. Mmoja aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995 alikutwa na watoto wapatao 300 tumboni. Lakini potwe huchukua zaidi ya miaka 20 kukomaa, na wadogo wengi huliwa kabla ya kufika huko. Mwaka 2016 alitiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Akiuawa mmoja leo, pengo lake halizibiki kwa miaka mingi.

MAFUNZO YA KARIBU NA YA MBALI

Wananchi wa Unguja wanao mfano wao wenyewe. Huko Kizimkazi, pomboo walikuwa wakivuliwa ili nyama yao iwe chambo cha kunasia papa. Katika miaka ya 1990 wageni walianza kufika kuwatazama, na wavuvi wakaona kwamba pomboo mmoja aliye hai huweza kumlipa mtu kila siku, ilhali aliyekufa hulipa mara moja tu. Uvuvi wa pomboo ukaachwa. Lakini baadaye palizuka tatizo jengine: vyombo vingi mno vikawa vinalikimbilia kundi moja, na watu wanarukia majini juu ya vichwa vya wanyama. Wataalamu waliochunguza walibaini kwamba pomboo waliozongwa na vyombo hupunguza muda wao wa kupumzika na kula. Mnyama aliyeokolewa na mkuki huweza kuchoshwa na mapenzi.

Ufilipino kuna mifano miwili inayopingana. Huko Donsol, tangu mwaka 1998, mwaka ambao nchi hiyo ilipiga marufuku kuvua potwe, wanavijiji huwaongoza wageni kuwatazama samaki hao wanapokuja wenyewe. Huko Oslob, tangu mwaka 2011, wavuvi huwalisha uduvi kwa mkono kila asubuhi. Wageni wa Oslob humwona potwe bila ya tabu, lakini samaki wenyewe wamezoea kuzikaribia mashua, wakapata majeraha, na baadhi yao hukaa muda mrefu kuliko kawaida mahali pamoja wakingoja kulishwa.

Kenya nayo iliwahi kujiwa na shauri la ajabu zaidi. Mwaka 2013 palipendekezwa kwamba potwe wawili wakamatwe na kutiwa katika uzio baharini, pwani ya kusini ya nchi hiyo, ili watalii wawatazame muda wote. Wahifadhi na wananchi walilipinga vikali na halikutekelezwa. Kizimba kilibuniwa ili kumzuia mtu asidhurike. Kumgeuzia kizimba mnyama ni kuiua ile hiari yake ambayo ndiyo asili ya kivutio.

ADABU ZA KUMTAZAMA POTWE

Huko Ningaloo, Australia ya Magharibi, utalii wa potwe umewekewa leseni na masharti tangu miaka ya 1990, na masharti hayo yameigwa sehemu nyingi. Yaliyo muhimu kwa mgeni na kwa nahodha ni haya:

(a) Chombo kimoja tu kimkaribie samaki mmoja, na vyengine vingoje zamu kwa mbali.

(b) Nahodha apunguze mwendo mapema, asimkatie samaki njia, na injini isizungushe rafadha wakati watu wamo majini.

(c) Watu walio majini kwa wakati mmoja wasizidi kumi.

(d) Kila mtu awe mbali na mwili wa samaki kwa mita tatu, na mbali zaidi na mkia, kwani pigo la mkia huo huvunja mbavu.

(e) Ni mwiko kumgusa, kumpanda mgongoni, au kumpiga picha kwa mwanga wa ghafla.

(f) Asipewe chakula cha aina yoyote.

(g) Samaki akizama au akigeuka kwenda zake, aachwe aende.

Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mgeni aliyetoka mbali na kulipa fedha zake hupenda kumfuata tena na tena, na nahodha huona haya kumkatalia. Hapo ndipo nahodha huhitaji kusema hapana kwa lugha nzuri. Potwe aliyeachwa kwa amani leo ataonekana tena kesho, na huenda akaonekana na watoto wa nahodha huyo.

MANUFAA YAWE YA NANI?

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko hakuji kwa wageni kufika tu. Mvuvi ambaye wavu wake hukatwa na potwe, kisha akaona fedha za watalii zikipita mbele ya uso wake na kuishia mikononi mwa wengine, hana sababu ya kumwonea huruma samaki huyo. Bali mvuvi ambaye mtoto wake ni baharia katika chombo cha watalii, au ambaye skuli ya kijiji chake imepata madawati kutokana na ada za wageni, huwa mlinzi wa kwanza wa potwe, tena mlinzi asiyelala.

Wala fakhari hii isidhaniwe kuwa ni ya wageni kutoka Ulaya peke yao. Kijana wa Nkowe anayesoma elimu ya viumbe darasani ana haki ile ile ya kujua kwamba samaki mkubwa kuliko wote duniani anaishi katika maji ya nchi yake, kaskazini kidogo ya pwani ya Mkoa wake wa Lindi. Vyombo vya abiria huvuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Walimu na viongozi wa vijana wanaopanga ziara za masomo katika miezi ya msimu wanaweza kuiweka Mafia katika hesabu zao, hata kama ni kwa wanafunzi wachache kwanza.

Kwa wavuvi na manahodha ombi ni moja: anayemkuta potwe ndani ya wavu amfungulie akiwa hai, na anayewapeleka wageni azishike adabu zilizotajwa hata pale ambapo hapana askari wa kumtazama. Kizimba cha chuma kilibuniwa kwa ajili ya papa anayeuma. Papa wetu haumi. Kwa hiyo baina yake na madhara ya binadamu hakuna chuma chochote, isipokuwa uungwana wa wale wanaomwendea.